Gurudumu la viti 12: kazi ya bembea katika kanivali za Marekani

Kanivali ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa mji mdogo wa bembea, yaani mashine za burudani zinazopanda watu, uliohamahama. Mapema katika juma malori yaliingia kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo wa kaunti fulani, katikati ya juma taa zikawaka, na usiku wa mwisho kila kitu kikafunguliwa, kikapakiwa na kuondoka kabla ya alfajiri. Msimu ulianza Aprili hivi na kuendelea hadi Oktoba au Novemba. Wakati wa baridi wengi waliteremka kusini, hasa Gibsonton, Florida, karibu na Tampa, mji ambao sheria zake za mipango miji ziliwaruhusu wenyeji kuweka bembea, matrela na hata wanyama wa sarakasi kwenye nyua zao. Kampuni kubwa kama Royal American Shows zilisafiri kwa treni zao wenyewe. Kampuni ndogo zilitegemea malori na vijana waliolala ndani ya malori hayohayo.

Wanaokumbuka kazi ile hupenda kusimulia muziki, taa na vituko vya walevi. Hayo yalikuwepo. Lakini kazi yenyewe, ile iliyomchosha mtu na kumwezesha abiria kushuka salama, ilikuwa kazi ya uzito: uzito ukae wapi, nani abebwe upande gani, na ardhi iliyo chini itavumilia kiasi gani. Hakuna bembea inayoonyesha jambo hilo vizuri kuliko gurudumu kubwa la viti 12, lile linalozunguka wima likiwapandisha na kuwashusha abiria, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Gurudumu la kwanza lililotikisa dunia lilikuwa la George Ferris, lililosimamishwa Chicago mwaka 1893: urefu wa futi 264, vyumba 36, kila kimoja watu 60, jumla watu 2,160 kwa mkupuo. Lilikuwa jengo, si chombo cha kusafiri. Aliyelifanya gurudumu liwe mzigo wa kubebeka ni William Sullivan, fundi wa madaraja kutoka Roodhouse, Illinois. Gurudumu lake la kwanza, Big Eli, lilizunguka katika bustani ya Jacksonville, Illinois, tarehe 23 Mei 1900. Kampuni yake, Eli Bridge Company, ilihamia Jacksonville mwaka 1919. Aina iliyoenea zaidi kwenye kanivali ilikuwa na kimo cha karibu mita 14 na viti 12, kila kiti cha watu wazima wawili. Fundi wa madaraja anaonekana kila mahali katika chombo hicho: vipande virefu vya chuma vinavyoungana kwa pini badala ya kulehemiwa, ili vifunguke kesho yake.

Kabla ya kipande chochote kushushwa, msimamizi wa bembea alitembea uwanjani na nondo mkononi. Alichoma ardhi kila hatua chache. Nondo ikizama kwa urahisi mahali pamoja huku kwingine ikikataa, hapo palichimbwa mtaro wa bomba ukafukiwa, na gurudumu halisimami juu ya mtaro. Alitazama juu pia: nyaya za umeme zinazopita karibu na pale mnara wa gurudumu ungeweza kuangukia zilitosha kuhamisha bembea nzima. Mpimaji wa kampuni alikuwa amekwisha kupigilia vigingi vyake na kupanga nani atakaa wapi, na ugomvi kati yake na wasimamizi ulikuwa wa kila juma. Msimamizi mzuri aligombana.

Kisha mbao. Malori ya kanivali yalibeba mbao nyingi kuliko mgeni angetarajia: vipande vya mwaloni vyenye unene wa inchi 2, 4 na 6, vibao vipana vya kutandika chini, na ndoo za kabari. Ubao mpana zaidi hukaa chini kabisa, na sababu yake ni hesabu ndogo. Mguu wa fremu unaobeba tani 2 ukikaa juu ya kibao cha sentimita 30 kwa 30 unaikandamiza ardhi kwa zaidi ya kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba. Tandika kibao cha 60 kwa 60, mkandamizo unashuka hadi robo yake. Kwenye nyasi kavu tofauti hiyo haionekani. Baada ya mvua ya usiku ndiyo inayoamua kama gurudumu litaamka limesimama wima.

Safu za mbao hupishana, moja imelala mashariki-magharibi, inayofuata kaskazini-kusini, na rundo huwa fupi na pana. Kabari huingia mbilimbili, moja kutoka kila upande, ili uso wa juu ubaki bapa. Matofali ya saruji yalipigwa marufuku na kila msimamizi aliyejua kazi: tofali hupasuka ghafla bila taarifa, wakati ubao huanza kulia na kubonyea, ukakupa muda wa kuwashusha watu. Usawa ulipimwa kwa pimamaji juu ya fremu, kwa urefu na kwa upana, na baina ya pande mbili kwa mpira wa maji, uleule mafundi wetu wanaotumia kusawazisha msingi wa nyumba.

Kosa la sentimita 2 linaonekana dogo. Kwenye msingi wenye upana wa mita 4, sentimita 2 chini huwa karibu sentimita 7 kule juu ya gurudumu. Hapo viti vinaanza kuegemea upande mmoja, beringi ya upande huo inabeba zaidi na kupata moto, na kebo ya kuendeshea inataka kuruka nje ya njia yake. Kwa hiyo usawa ulipimwa upya kila asubuhi, na tena baada ya usiku wa kwanza wenye watu wengi, maana mbao zote hujikaza zikipata mzigo. Kabla hata ya kutoa pimamaji, mtu alipita na nyundo akigonga kabari moja moja. Iliyobana hutoa mlio mkali mfupi. Iliyolegea husikika bubu.

Minara miwili inayobeba gurudumu ilinyanyuliwa kwa winchi, na wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kusimama ndani ya umbali wa anguko. Ikafuata ekseli, kisha spoki jozi kwa jozi, na vyuma vya kuzifunga pamoja. Gurudumu lililojengwa nusu ndilo hatari zaidi kuliko gurudumu katika hali nyingine yoyote, kwa sababu upande wenye chuma unataka kwenda chini na upande mtupu hauna cha kuuzuia. Breki peke yake haikuaminiwa. Mnyororo ulifungwa kutoka kwenye spoki hadi kwenye fremu kabla mtu hajapanda. Na watu walipanda, katika miaka ile, bila mkanda wowote wa usalama, spana mfukoni na pini mdomoni au kwenye mfuko wa aproni.

Pini zinastahili kutazamwa kwa karibu. Pini ni chuma kigumu chenye unene wa kidole gumba hivi, kina tundu dogo mwishoni, na tundu hilo hupitishwa kipini cha waya mgumu kilichopindwa kama herufi R, ili pini isirudi nyuma kwa mtikisiko. Anayeweka hukigusa kwa kidole. Mtu wa pili hupita nyuma yake na kukigusa tena. Macho hayatoshi, maana gizani kipini kilichoingia nje ya tundu huonekana sawasawa na kilichoingia ndani. Kikipotea kwenye nyasi, kishawishi ni kuweka msumari. Msumari ni chuma laini, hukatika. Kishawishi kibaya zaidi ni kuweka bolti ya kawaida badala ya pini yenyewe. Pini iliyotumika miaka mingi hupata mfuo mahali inapobeba mzigo. Ukucha ukinasa kwenye mfuo huo, pini imekwisha kazi yake.

Na kuna kanuni moja niliyo tayari kuitetea mbele ya fundi yeyote: pini ikikataa kuingia, usiipige nyundo. Gurudumu lililosimama sawa hupokea pini kwa mkono, au kwa kugonga kidogo. Zikianza kukataa mfululizo upande mmoja, shida haiko juu kwenye spoki. Iko chini kwenye mbao. Teremka upime.

Viti hutundikwa kwa mpishano: kiti nambari 1 kikishaingia, gurudumu hugeuzwa nusu mzunguko na kutundika nambari 7 kinachokikabili, na kuendelea hivyo. Mwisho huja kebo ya kuendeshea, inayovutwa na injini kupitia klachi. Ikilegea huteleza, ikikazwa mno hula beringi. Mvua huifanya iteleze hata ikiwa imekazwa vizuri, na dawa yake ilikuwa kuipaka utomvu mkavu wa msonobari na kuzungusha gurudumu tupu mpaka ishike. Umeme wa taa hupita kwenye ekseli kwa pete za shaba na brashi za kaboni, kwa hiyo taa zinazocheza upande mmoja tu mara nyingi ni brashi iliyolika au pete yenye uchafu, wala si balbu. Kabla ya abiria wa kwanza, gurudumu lilizunguka tupu huku muziki umezimwa, watu wamesimama kimya wakisikiliza.

Sasa abiria. Watu wazima wawili wa kilo 70 ni kilo 140 kwa kiti. Mwendeshaji akijaza viti sita vinavyofuatana na kuacha sita vingine vitupu, halafu upande uliojaa ukafika usawa wa ekseli, athari yake ni sawa na kutundika zaidi ya kilo 540 kwenye ncha ya spoki moja bila kitu upande wa pili. Klachi haiwezi kuubeba mzigo huo kwa utulivu. Wakati wa kupanda huteleza na kunuka moto. Wakati wa kushuka gurudumu humkimbia mwendeshaji, na breki inabaki ndiyo pekee inayoshika.

Dawa ni kujaza kwa mpishano, na njia rahisi ya kukumbuka ni hii: nusu mzunguko, kiti kimoja, nusu mzunguko, kiti kimoja. Yaani 1, 7, 8, 2, 3, 9, 10, 4, 5, 11, 12, 6. Kwa mpango huo tofauti ya pande mbili haizidi kamwe kiti kimoja. Gharama yake ni muda. Kujaza kwa kufuatana kunahitaji hatua 11, chini ya mzunguko mmoja. Kujaza kwa mpishano kunahitaji hatua 41, karibu mizunguko mitatu na nusu. Usiku wa Jumamosi, foleni imefika kwenye kibanda cha tiketi na mwenye kampuni anatazama saa, hapo ndipo mwendeshaji dhaifu anapoanza kufuatisha viti. Karibu uharibifu wote wa klachi na kebo ulianzia hapo.

Foleni nayo ilisomwa kwa macho. Mwendeshaji hakuchukua aliyefika mbele tu, alichukua anayelingana. Jozi ya wakulima wanene ilisubiri mpaka kiti kinachokabili kipate jozi nyingine nzito, au watu wazima wawili na mtoto katikati. Kushusha kulifuata mpango uleule: kiti kikiachwa, kinajazwa papo hapo na watu wa uzito unaokaribiana na walioshuka. Usiku mtulivu, wakiwa wachumba wawili tu kwenye gurudumu zima, hakuna tabu, klachi inamudu kilo 140. Shida huanza watu wakiwa saba au wanane na wote wanataka kukaa karibu ili wapigiane kelele.

Mkono wenyewe uliokuwa kwenye wenzo wa klachi ulikuwa chombo cha kupimia. Gurudumu lililosawazishwa husimama pale unapoliachia. Likiendelea kusogea polepole baada ya klachi kuachiwa, linakuambia upande gani umezidi, na jibu ni kubadilisha kiti kinachofuata kujazwa kabla ya kukaza breki. Kila baa ya kiti, chuma kinachomzuia abiria asidondoke, ilifungwa na mwendeshaji mwenyewe, halafu ikavutwa kwa nguvu kuelekea nje. Abiria kusema amefunga hakukuhesabiwa. Wanaobembeza kiti walionywa mara moja, mara ya pili wakashushwa kiti chao kikifika chini.

Injini ikizimika watu wakiwa juu, usawazishaji ule wa mwanzo ndio unaowaokoa. Hatua ni hizi. Breki inashikwa. Klachi inaachiwa ili injini isivute. Kiti kilicho chini kinashushwa watu wake. Mara hiyo kile kilicho juu kabisa, kinachokikabili, kimekuwa kizito kuliko mwenzake, kwa hiyo breki ikilegezwa kidogo na mtu akasukuma spoki kwa mkono, kinateremka chenyewe mpaka chini, breki ikikizuia njia nzima kisichukue kasi. Kinashushwa, pande zinalingana tena. Watu wawili wanasukuma hatua moja hadi kiti cha jirani, na mchezo unarudiwa. Gurudumu lililojazwa hovyo halikubali hayo: huzungukia lenyewe hadi upande mzito ukae chini, na waliobaki juu ni kazi ya ngazi za zimamoto.

Upepo mkali ulimaanisha kushusha watu mapema, kwa mpango uleule, kisha kufunga gurudumu kwa minyororo. Radi ikisikika hakuna mjadala.

Bembea nyingine zilikuwa na sheria zao, ingawa msingi haukubadilika. Farasi wa kuzunguka, waliotengenezwa kwa wingi North Tonawanda, New York, na kiwanda cha Allan Herschell, huning'inia kutoka kwenye nguzo moja ya katikati. Nguzo hiyo hupimwa kwa timazi. Ikiinama, farasi wa upande mmoja hupanda juu kwa shida na gia za juu hupiga kelele zinazosikika hata penye muziki. Grisi kwenye vishikizo vya fito za farasi iliwekwa kila siku, kidogo, kwa sababu ikizidi hudondokea nguo za watoto.

Tilt-A-Whirl ndiyo inayonifurahisha zaidi kiufundi. Herbert Sellner wa Faribault, Minnesota, aliibuni mwaka 1926: mabakuli 7 ya kukalia juu ya jukwaa linalozunguka huku likipanda na kushuka vilima vidogo. Hakuna injini inayozungusha bakuli. Mteremko na uzito wa abiria ndivyo vinavyoamua, na mwaka 1994 wanafizikia wawili walichapisha hesabu kuonyesha kwamba mwendo wake hautabiriki kabisa, hata jukwaa likizunguka kwa kasi isiyobadilika. Hapa uzito usiolingana ndio raha yenyewe: mwendeshaji alimketisha mtu mzito pembeni kabisa mwa kiti, si katikati, na bakuli likazunguka kama pia. Hatari yake ilikuwa miguuni. Vijana walizoea kutembea juu ya majukwaa yakiwa yanakwenda ili kusukuma mabakuli kwa mkono, na maungio ya majukwaa hufunguka na kufumba kila kilima kinapopita. Kiatu kikinaswa hapo, jukwaa halisimami mara moja.

Usiku wa kubomoa ndio ulioumiza watu wengi. Kazi ilianza saa tano au sita za usiku, baada ya siku nzima ya kuendesha, mara nyingi kwenye matope, na vibarua wa mtaani waliokodiwa kwa usiku huo hawakujua chuma kipi kinabeba kipi. Msimamizi mwenye busara aliwapa kubeba tu, wasiguse pini. Viti vilitolewa kwa mpishano uleule wa kutundika. Spoki zilikuwa na nambari na rangi ya upande wake, na lori lilipakiwa kinyume cha mahitaji: kitakachotakiwa kwanza uwanja ujao kiingie mwisho, kwa hiyo mbao na kabari zilikuwa nyuma kabisa mlangoni. Pini na vipini vya R vilihesabiwa ndani ya ndoo kabla lori halijafungwa. Upungufu ulitafutwa palepale kwa tochi na sumaku iliyofungwa kwenye kamba, hata kama dereva amekwisha kuwasha injini.

Ukaguzi wa serikali katika miaka hiyo ulitegemea jimbo. Mengine yalikuwa na wakaguzi, mengine hayakuwa na kitu. Kamati ya F24 ya shirika la viwango la ASTM, inayotunga viwango vya bembea, iliundwa mwaka 1978. Tangu 1981 mamlaka ya shirikisho kuhusu usalama wa bidhaa yamebaki na bembea zinazohama tu, si zile za bustani za kudumu. Bembea zenyewe zimebadilika: nyingi sasa hujikunjua kwa haidroli juu ya trela yake, na watu wachache huisimamisha kwa saa chache.

Lakini haidroli imehamisha tatizo, haikuliondoa. Tarehe 26 Julai 2017, kwenye maonyesho ya Jimbo la Ohio mjini Columbus, mkono wa bembea iitwayo Fire Ball ulikatika ikiwa inazunguka, kijana mmoja akafa na wengine wakajeruhiwa. Watengenezaji walieleza kwamba kutu ilikuwa imekula boriti ya mkono huo kutoka ndani. Chuma chenye uwazi ndani hukusanya maji ya mvua na unyevu wa kila uwanja, na rangi mpya ya nje huficha yote. Kwenye spoki za zamani za gurudumu, mafundi walitoboa tundu dogo sehemu ya chini ili maji yatoke, wakalizibua kwa waya kila juma. Ukikagua bembea ya namna hiyo leo, anza na matundu hayo: yakitoa maji ya rangi ya chai, gonga chuma kwa nyundo ndogo kuanzia mwisho hadi mwisho, na mahali mlio unapobadilika futa rangi yote, kisha pima unene wa chuma kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kabla mtu yeyote hajaketi.